Kutumia Tena Kumbukumbu ya Hipu: Mgawaji Mkuu, Bafa Moja, Arena au Akiba ya Vitu?

Seva inayopokea maombi kwa maelfu kila sekunde huomba kumbukumbu ya hipu (eneo ambamo programu hujipatia nafasi inapoendelea kufanya kazi) na kuirudisha bila kupumzika. Kila ombi linaloingia hudai bafa ya kuliweka, orodha ya sehemu zake na pengine jedwali dogo la vichwa vyake. Muda mfupi baadaye vyote hutupwa, na ombi linalofuata hudai vitu vilevile vya ukubwa uleule. Ndipo mwandishi wa programu anayetumia C, C++, Rust au Zig anapojiuliza kama si afadhali avishike vipande hivyo na kuvitumia tena, badala ya kuvirudisha kwa mgawaji (msimbo ulio nyuma ya malloc na free) na kuviomba upya papo hapo. Makala haya yanalinganisha njia nne za kufanya hivyo, kwa ajili ya yule ambaye tayari anajua malloc na free ni nini lakini hajaamua ashike njia ipi.

Jambo moja litangulie. Kutumia kipande tena bila kukirudisha hakuondoi hatari ya kielekezi (pointer) kilichopitwa na wakati. Kwa yule ambaye bado anashika kielekezi cha kazi ya zamani, kipande kilichopewa kazi mpya kimekufa sawasawa na kilichopitia free, ila sasa mgawaji na zana zinazomchunguza hawana habari. Hatari hiyo si ndogo. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama unaopewa nambari za CVE (orodha ya umma ya udhaifu wa programu) katika bidhaa zake kila mwaka unatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Mwaka 2020 mradi wa Chromium ulitoa kiasi kama hicho kwa kasoro zake nzito, na karibu nusu ya hizo zilikuwa za kutumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa.

## Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, ambacho ndicho kizito kuliko vyote, ni umiliki: kipande kinapopewa kazi mpya, ni nani bado anashika kielekezi cha kazi ya zamani, na je, kuna chochote kinachomzuia kukitumia? Mpangaji aliyehama na ufunguo mfukoni hana madhara mpaka chumba kipate mtu mwingine. Tatizo huanza siku hiyo.

Cha pili ni mabaki, yaani data ya kazi iliyopita iliyobaki ndani ya kipande na inayoweza kusomwa na kazi mpya kwa bahati mbaya. Cha tatu ni gharama, na hapa gharama ina pande mbili: muda unaookolewa, na kiasi cha kumbukumbu kinachobaki kimeshikwa hata pale ambapo hakuna anayekihitaji. Cha nne ni ukaguzi: zana za kunasa makosa ya kumbukumbu kama AddressSanitizer, Valgrind na Miri (ya Rust) zitaweza kuona kosa, au njia uliyochagua itakuwa imezifumba macho?

## Njia ya kwanza: kumwachia mgawaji mkuu

Wengi huiruka njia hii kana kwamba si chaguo, ilhali mgawaji mkuu mwenyewe ni mtumiaji tena hodari. Tangu toleo la 2.26 la mwaka 2017, glibc, maktaba ya C ya Linux, humpa kila uzi (thread) akiba yake ndogo ya vipande vilivyorudishwa, vilivyopangwa kwa ukubwa, hivyo free inayofuatwa na malloc ya ukubwa uleule kwa kawaida hurejesha kipande kilekile bila kufunga kufuli lolote. Wagawaji wengine kama jemalloc, alioanzisha Jason Evans kwa ajili ya FreeBSD, na mimalloc wa Microsoft, wana mbinu za jamii hiyohiyo.

Umiliki. Katika C na C++ nidhamu yote iko mikononi mwa mwandishi. Katika Rust kompaila ndiyo inayokataa kielekezi kuishi kupita kitu chake. Anayetumia realloc, inayobadilisha ukubwa wa kipande, akumbuke mambo mawili. Kwanza, ikishindikana hurudisha NULL na kipande cha awali hubaki kilivyo, hivyo kuandika `p = realloc(p, n)` ni kukipoteza. Pili, ikifanikiwa, vielekezi vingine vyote vilivyokuwa vikielekea ndani ya kipande cha zamani vimekufa, hata kama anwani haikubadilika.

Mabaki. malloc haisafishi, calloc husafisha. Liko pia baki linalosahaulika: vekta inayokua huhamishia data kwenye kipande kikubwa zaidi na kuacha nakala nyuma, hivyo nenosiri lililosomwa herufi kwa herufi linaweza kubaki katika vipande kadhaa vilivyorudishwa. Data ya namna hiyo itengewe ujazo wa kutosha tangu mwanzo, kisha ifutwe kwa explicit_bzero au kwa crate (maktaba ya Rust) ya zeroize, kwa sababu memset ya kawaida kabla ya free kompaila inaruhusiwa kuiondoa ikiona hakuna atakayeyasoma matokeo yake.

Gharama. Ni ndogo kuliko inavyodhaniwa kwa vipande vidogo, na huonekana zaidi kwa vipande vikubwa, au pale uzi mmoja unapoomba na mwingine kurudisha.

Ukaguzi. Hapa hakuna njia inayoishinda hii. AddressSanitizer huweka kila kipande kilichorudishwa karantini kwa muda kabla ya kukigawa upya, hivyo anayekigusa hukamatwa na kuonyeshwa mstari ulioomba, uliorudisha na uliokosea.

Inamfaa nani. Mtu yeyote ambaye bado hajapima. Kama kipima-kasi hakijaonyesha malloc na free zikila sehemu ya maana ya muda, njia tatu zinazofuata zitakuongezea wajibu bila malipo.

## Njia ya pili: bafa moja inayosafishwa

Hapa unatangaza bafa au vekta nje ya kitanzi, unaijaza, unaitumia, unaisafisha kwa clear, na kuijaza tena. clear ya Vec katika Rust hupunguza urefu hadi sifuri bila kugusa ujazo (nafasi iliyokwisha kuombwa), na std::vector ya C++ hufanya vivyo hivyo. Ndiyo njia rahisi kuliko zote kueleweka, na bado ndiyo yenye fumbo ambalo limewachosha waandishi wengi wa Rust. Tazama programu inayosoma mistari na kuigawa kwenye alama ya mkato:

```
let mut mstari = String::new();
let mut sehemu: Vec<&str> = Vec::new();
while msomaji.read_line(&mut mstari)? > 0 {
    sehemu.extend(mstari.split(','));
    shughulikia(&sehemu);
    sehemu.clear();
    mstari.clear();
}
```

Kompaila inaikataa kwa kosa E0502, yaani kutaka kubadilisha kitu ambacho bado kina rejeo la kukisoma. Kwa jicho la binadamu hakuna ubaya wowote, kwa kuwa sehemu imesafishwa kabla ya mstari kuguswa. Lakini aina ya sehemu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho wa kitanzi, na aina hiyo imebeba ahadi kwamba marejeo yaliyomo yanaelekea ndani ya mstari. Kompaila haifuatilii kwamba vekta ni tupu, inafuatilia aina tu. Mwandishi wa C++ anayefanya jambo hilohilo kwa vekta ya string_view (aina inayotazama herufi bila kuzimiliki) hatakataliwa, na atakuwa sahihi leo. Kesho mwenzake akisahau kuisafisha sehemu, programu itaendelea kusoma herufi za mstari mwingine bila kulalamika.

Kuna njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kutoweka marejeo kabisa, bali jozi za namba za mwanzo na mwisho wa kila sehemu ndani ya mstari. Haina mvuto, lakini ndiyo ninayoipendekeza, kwa maana namba haizuii chochote, na ikikosewa katika Rust matokeo yake ni programu kusimama au sehemu isiyo sahihi, si kusoma kumbukumbu ya mtu mwingine. Ya pili ni kuitoa vekta tupu katika aina moja na kuiingiza katika nyingine:

```
fn rejesha<'a>(mut v: Vec<&'a str>) -> Vec<&'static str> {
    v.clear();
    v.into_iter().map(|_| unreachable!()).collect()
}
```

Vekta inayorudi haina kitu, hivyo ahadi yake mpya haivunji ukweli wowote, na maktaba sanifu, tangu toleo la 1.48 la mwaka 2020, hutambua kwamba chanzo na matokeo vina ukubwa na mpangilio wa baiti (alignment) uleule, ikatumia mgao uleule badala ya kuomba mpya. Ni salama kabisa, hakuna unsafe (sehemu ambamo Rust humwachia mwandishi baadhi ya ukaguzi) hata mahali pamoja. Kasoro yake ni kwamba kubaki kwa mgao ni hiari ya maktaba, si mkataba. Msimbo hauwezi kuharibika, ila siku moja unaweza kupoteza kasi kimyakimya. Ya tatu ni Vec::from_raw_parts ndani ya unsafe, na hapo masharti ni makali: mpangilio wa baiti wa aina mpya lazima uwe sawa kabisa na ule ulioombewa kipande, na jumla ya baiti vilevile. Anayegeuza vekta ya u8 kuwa ya u32 kwa njia hiyo amevunja sharti hata kama anwani inagawanyika kwa 4, kwa sababu wakati wa kurudisha mgawaji ataambiwa mpangilio usio ule wa kuombea.

Umiliki. Imara katika Rust, ya kuaminiana katika C++ na C.

Mabaki. Kosa la kawaida halimo katika kusafisha, limo katika kusoma: bafa ina baiti 4096, read imeleta 300, kisha bafa nzima inapelekwa mbele badala ya baiti zile 300. Kilichofuata baada ya hapo ni ujumbe wa mteja aliyetangulia. Katika C, kupitisha urefu pamoja na kielekezi kila mahali ndiyo kinga; katika Rust, kipande `&bafa[..n]` kitengenezwe palepale read iliporudi.

Gharama. Karibu bure, isipokuwa kwamba bafa hukumbuka siku yake kubwa kuliko zote. Ombi moja la megabaiti 50 huiacha na ujazo huo mpaka programu ife. Kifurushi cha fmt cha lugha ya Go kina suluhisho la kuigwa hata na walio nje ya Go: bafa ambayo ujazo wake umepita kilobaiti 64 hairudishwi katika akiba. Katika Rust, shrink_to hufanya kazi hiyo.

Ukaguzi. AddressSanitizer haioni kosa ndani ya bafa ambayo haijarudishwa, ingawa libc++ na libstdc++ zina namna ya kutia alama eneo lililo kati ya urefu na ujazo wa vekta.

Inamfaa nani. Kitanzi kimoja, uzi mmoja, kitu kimoja kinachojaa na kuisha kabla ya kijacho kuanza.

## Njia ya tatu: arena

Arena huomba bonge kubwa mara moja, kisha kila anayehitaji nafasi hupewa kwa kusogeza kielekezi kimoja mbele. Hakuna kurudisha kitu kimoja kimoja. Kazi ikiisha, kielekezi kinarudishwa mwanzoni na vyote vinakwenda pamoja. C++17 ina std::pmr::monotonic_buffer_resource, Rust ina crate ya bumpalo, Zig ina ArenaAllocator katika maktaba yake sanifu, na seva ya Apache imekuwa ikiligawia kila ombi kundi lake la kumbukumbu kwa miaka mingi.

Umiliki. Swali linakuwa moja badala ya elfu: je, kuna kielekezi chochote kilichotoka nje ya arena kabla haijarudishwa mwanzoni? Katika bumpalo, reset hudai umiliki wa pekee wa arena, hivyo kompaila haitaruhusu mradi rejeo moja bado liko hai. Katika C jibu ni mpangilio wa kazi, na hifadhidata ya PostgreSQL ni shule nzuri. Kumbukumbu zake zimepangwa kwa miktadha iliyozaana: wa hoja nzima uko juu, na chini yake uko mdogo unaosafishwa kwa kila safu ya jedwali. Kosa la kawaida la anayeandika nyongeza ya PostgreSQL ni kuhifadhi katika muundo wa hoja nzima kielekezi cha kitu kilichozaliwa katika muktadha wa safu. Katika toleo la kawaida kosa hilo linaweza kupita majaribio yote, kwa kuwa bonge la kwanza la muktadha halirudishwi kwa mfumo, na baiti za zamani hukaa mahali pake mpaka zifunikwe. Ukijenga PostgreSQL kwa `--enable-cassert`, kumbukumbu iliyorudishwa hujazwa baiti 0x7F, na kielekezi hicho huanza kuonyesha 7f7f7f7f badala ya data inayofanana na sahihi.

Mabaki. Yapo mengi, na kuyafuta yote kila mara kunakula faida. Siri zisiwekwe katika arena ya kawaida.

Gharama. Hakuna njia ya haraka kuliko hii katika kugawa, lakini kitu kilichoombwa mapema na kuachwa mapema hushika nafasi hadi mwisho. Vekta inayokua ndani ya arena mara nyingi huacha miili yake ya zamani yote humo. Jambo jingine ni vitu vyenye usafi wake wa mwisho: bumpalo haiiti Drop (usafi wa mwisho wa Rust) kwa vitu ilivyogawa, isipokuwa vikiwekwa ndani ya Box yake yenyewe, hivyo faili lililofunguliwa na kuwekwa katika arena halitafungwa.

Ukaguzi. Zana zinaona bonge moja tu. Usipolitia sumu mwenyewe, kwa ASAN_POISON_MEMORY_REGION au kwa macro za Valgrind, hazitakwambia kitu. Mbinu nzuri ya wakati wa majaribio ni kuifanya arena irudishe bonge lote kwa mgawaji kila inaposafishwa, ili AddressSanitizer ipate nafasi yake.

Inamfaa nani. Kazi yenye mwisho ulio wazi: ombi moja la seva, fremu moja ya mchezo, faili moja linalochambuliwa na kompaila.

## Njia ya nne: akiba ya vitu

Akiba huhifadhi vitu vya aina moja vilivyotumika, kila kimoja kikiingia na kutoka kwa wakati wake. Jeff Bonwick aliieleza mwaka 1994 kwa ajili ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya SunOS 5.4, akasisitiza kwamba kwa vitu vingi vya kerneli, kuvitengeneza na kuvibomoa kuna gharama kubwa kuliko kuvigawia nafasi. Kitu kinachorudi akibani kikiwa na kufuli zake tayari huokoa kazi yote hiyo. Linux ilichukua wazo hilo, na kmem_cache_create ndiyo mlango wake hadi leo.

Umiliki. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu kielekezi cha zamani kinaelekea kitu halali cha aina ileile, ila cha mtu mwingine. Hakuna kuanguka kwa programu. Kuna muamala wa mteja mmoja unaoandikwa katika rekodi ya mwingine. Kinga inayofaa ni kutotoa kielekezi, bali kutoa namba ya nafasi pamoja na namba ya kizazi inayoongezwa kila nafasi inapobadilisha mwenyewe. Crate ya slotmap hutumia biti 32 kwa kila moja. Kizazi kisipolingana, anayeuliza anaambiwa kitu hakipo. Kerneli ya Linux ina hali ngumu zaidi, SLAB_TYPESAFE_BY_RCU, ambapo msomaji anaweza kukuta kitu kimekwisha kupewa kazi nyingine mikononi mwake. Sharti ni ajishikie rejeo kwanza, kisha ahakikishe upya kwamba kitambulisho ni kile alichokitafuta. Akiba isiyotumia kufuli huongeza tatizo la ABA (kielekezi huonekana hakijabadilika ilhali kitu chake kiliondoka na kurudi), ambalo kwa kawaida hutibiwa kwa kuambatanisha kihesabu na kielekezi.

Mabaki. Mfano usiosahaulika ni kasoro ya Heartbleed, iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 2014 na kuathiri maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, 1.0.1 hadi 1.0.1f. Mshambuliaji alidai urefu mkubwa kuliko ujumbe aliotuma, na seva ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa karibu. Chanzo kilikuwa ukaguzi wa urefu uliokosekana, si akiba. Lakini OpenSSL ilikuwa na orodha yake ya bafa zilizotumika, na orodha hiyo iliziweka bafa mbali na kinga za wagawaji kama yule wa OpenBSD. Uchunguzi uliofuata ulionyesha hata sehemu ya msimbo iliyokuwa ikirudisha bafa ya kusomea na kutegemea kuipata ileile ikiwa na data yake, jambo lililofanya kazi kwa sababu tu orodha ilitoa kwanza kilichoingia mwisho. Ukizima orodha, programu ilivunjika.

Gharama. Nzuri kwa vitu vizito vya ukubwa mmoja. Kwa vitu vidogo vyepesi, mara nyingi haimshindi mgawaji mkuu wa kisasa.

Ukaguzi. Jenga swichi ya kuizima akiba tangu siku ya kwanza, na uendeshe majaribio pande zote mbili. Kerneli ya Linux, ukiwasha slub_debug, hujaza kitu kilichorudishwa baiti 0x6b, na mzoefu akiona 6b6b6b6b katika ripoti ya kuanguka hahitaji kuambiwa kilichotokea.

Inamfaa nani. Miunganisho ya mtandao, nyuzi, vitu vya mchezo vinavyozaliwa na kufa ovyo, na mifumo midogo ambamo idadi ya juu lazima ijulikane mapema.

## Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa vitu vyako vyote hufa kwa pamoja na unaweza kuonyesha kwa kidole mstari ambapo kazi inaisha, arena itakupunguzia makosa mengi kuliko itakayoleta, hata katika C. Ikiwa kila kimoja hufa kwa wakati wake na kukitengeneza ni ghali, chukua akiba, lakini kwa namba zenye kizazi; akiba inayotoa vielekezi vitupu katika programu yenye nyuzi nyingi mimi binafsi singeikubali katika ukaguzi wa msimbo bila vipimo vilivyoambatanishwa. Ikiwa ni kitanzi kinachojaza na kumwaga kitu kimoja, bafa moja inatosha, ikiwa na kikomo cha ujazo.

Mradi wa C++ au C wenye waandishi wengi wanaobadilika hunufaika zaidi na mgawaji mkuu na AddressSanitizer katika kila jaribio, na pengine kubadilisha mgawaji wenyewe kwa jemalloc au mimalloc kabla ya kugusa msimbo. Mradi wa Rust unaweza kuthubutu zaidi na bafa na arena, mradi Miri iendeshwe kila mahali palipo na unsafe.

Funguo za usimbaji na manenosiri havimo katika hesabu hii ya kasi. Viwe na kipande chao wenyewe chenye ujazo kamili tangu mwanzo, kifutwe kabla ya kurudishwa, na kisiingie katika bafa, arena wala akiba inayotumiwa na kitu kingine. Kwenye Linux, tangu toleo la 5.3, msimamizi wa seva anaweza pia kuwasha init_on_free ili kerneli ifute kurasa na vitu vyake inavyovirudisha. Hilo halifiki kwenye vipande vinavyozunguka ndani ya programu yako mwenyewe, kwa hiyo kazi ya kuvifuta hivyo bado ni yako.